Kondoo wa Unga wa Nikarete

Dada yangu Nikarete alikuwa akioka kondoo. Ndiyo, kondoo wa unga, wa sikukuu ya Zeu Mpole, kwa ajili yetu sisi tusio na uwezo wa kuchinja wa kweli. Mtaa wetu wote wa Athene ulimjua. Kondoo wake walisimama kwa miguu yao wenyewe, si kama mabonge ya jirani yetu fulani ambayo hujui ni kondoo au ni chura.

Mumewe alipofariki, kazi ya kuweka kondoo wa nyumba yao madhabahuni ilimwangukia mwanawe, Thrason. Lakini mwaka ule kijana alikuwa ameanza kushinda barazani kwa Philagro, mwanafalsafa, akarudi nyumbani na maneno makubwa. Miungu hawali, alisema, wala hawahongeki, na yeye hatabeba kapu la mtu.  Dada aliumia sana, maana marehemu hakukosa hata sikukuu moja, na sasa nyumba yake ingekaa bila mtu wa kuitolea.

Asubuhi ya sikukuu alijitwika kapu, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja barazani. Thrason alipotuona alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwalimu, umemfundisha mwanangu kwamba Zeu hahongeki?"

"Nimemfundisha, mama."

"Vizuri. Hata mimi, mtu akija nimwokee ng'ombe mzima wa kumhonga Zeu kwa dhuluma zake, namfukuza. Sasa wewe leo hutoi kitu?"

Philagro alicheka. Akasema hutoa kila mwaka, kama alivyofanya babake mwenyewe. Si kwamba Zeu ana njaa, ila aliyepewa hana budi kushukuru. Thrason akamkodolea macho. Sehemu hiyo ya somo ilikuwa imempita. Mwanafalsafa akainamia kapu, akaokota kondoo aliyevunjika mguu njiani.

Dada akamnyang'anya. "Huyo kilema hatolewi."

"Lakini mama, Zeu haangalii miguu ya unga."

"Yeye haangalii. Ninayeangalia ni mimi."

 Philagro akamchagua mwingine, taratibu, akimgeuza huku na huku kama mnunuzi mnadani.

Thrason alikuja akamtua mamake kapu, akatutangulia hadi mtoni, kwenye madhabahu ya Zeu. Yule kilema nilimla mimi njiani. Pale madhabahuni kijana alimtoa kondoo mzuri kuliko wote, akamkagua mguu mmoja mmoja, ndipo akamweka. Nilijivuna utadhani nimemwoka mimi.