Mkanda wa Ngozi ya Mbuzi

Dobi wa injinia wa barabara, pale Tarime mwaka 1954, alikuwa mtu wa kunong'ona hata akiwa peke yake na pasi ya mkaa. Injinia alivaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, kila Jumamosi, na dobi alijua ilikochoka. Sufu ilikuwa nzima. Kingo za mikunjo ziling'aa kwa kukaliwa, na mikanda ya ngozi ya kiunoni ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Akailainisha kwa samli, kama wanavyofanya kwao Mbalibali. Usiku panya wakautafuna mmoja. Akakata mwingine wa ngozi ya mbuzi, akaupaka rangi ya viatu, akaushona bila kumwambia mtu isipokuwa mpishi, mzee Nikolaus.

“Ukikatika mbele ya wageni, kesho uko Mbalibali unachunga,” mpishi alimtania.

“Nyamaza, tata,” dobi alinong'ona, akimwita baba kwa lugha ya kwao. “Dobi aliyenitangulia alifukuzwa kwa kupoteza kifungo kimoja tu cha shati.”

Jumamosi ile injinia alicheza bustanini mbele ya wageni, akiruka na kuzunguka, na glasi zikagongana kwenye sinia aliloshika dobi. Mkanda ukashika. Kisha injinia akamwita, akamgeuzia ubavu.

“Inalegea. Kaza tundu moja.”

Dobi akaweka sinia chini, akapiga goti. Kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa rangi ya viatu, akazikunja ndani ya viganja kabla ya kuushika mkanda. Alivuta kidogo, na akasikia nyuzi zake mwenyewe zikilia.

“Bado,” alisema injinia. “Vuta, wewe!”

Dobi akafumba macho, akavuta.