Mafunjo Chini ya Wingu Jeusi

Nilianza kupiga picha za mafunjo kwa sababu niliona haya kuwapiga watu. Mtu ukimpiga picha, lazima umwambie ainue kidevu, afunge kifungo, asicheke. Mimi maneno hayo yalinikwama kooni. Mafunjo hayakuniangalia.

Kamera yangu ilikuwa sanduku jeusi lililochubuka pembeni. Nilipewa na Mhindi mwenye studio mjini Shinyanga, nilikokuwa nikifagia na kumwaga maji ya dawa baada ya kumaliza darasa la nne. Unaishika tumboni, unainamia kioo kidogo kilicho juu yake, na humo unaiona dunia ikiwa ndogo. Nilipenda kule kuinama.

Dada yangu alikuwa ameolewa na mvuvi wa Nkome, nami nikahamia kwao. Nyuma ya nyumba yao ulikuwa mwamba, na chini ya mwamba kilianza kinamasi, mafunjo matupu mpaka macho yanachoka, kisha ziwa. Jua likiwa kali picha ilitoka kama jivu. Nilijifunza kungoja mvua. Wingu linaposimama juu ya ziwa, jeusi kama sufuria, na jua bado linapenya chini yake, vichwa vya mafunjo huwaka vyote kwa mara moja. Hali hiyo haidumu.

Wavuvi walinicheka.

"Mpiga picha, majani yako leo yamenyoa ndevu?"

"Mwacheni. Anayatafutia pasi ya kusafiria."

Siku ninayoikumbuka, upepo ulikuwa umekaa kimya tangu asubuhi na wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda juu kama moshi. Alasiri wingu likaja. Shemeji alipita chini ya mwamba akisukuma mtumbwi, anakwenda kutazama nyavu zake alizozitega ukingoni mwa mafunjo.

"Shemeji," aliniita, "mvua italilowesha sanduku lako."

"Nitalifunika kwa shati."

"Na wewe utafunikwa na nani?" Akacheka, akaingia kwenye mkondo, mafunjo yakafunga nyuma yake.

Nikainama. Nikapiga wakati mwanga ulipofika, na upepo ukafika papo hapo. Baada ya hapo palikuwa na maji tu, ya juu na ya chini, na kelele.

Mafunjo ya pale hayakushika ardhi. Yanaelea, mizizi imesukana kama mkeka juu ya maji. Wavuvi wote wa kwetu, wakikutwa na upepo, huingiza mtumbwi ndani ya mafunjo na kuufunga kwenye mashina mpaka upepo upite. Wamefanya hivyo tangu babu zao, na karibu kila mara mkeka hukaa. Siku ile haukukaa, ulimeguka ukachukuliwa na upepo. Mvua ilipoisha, ukingo wote niliokuwa nimeupiga picha haukuwapo. Ziwa lilikuwa limefika mahali ambapo halijawahi kufika.

Walitafuta kwa mitumbwi. Waliuona wa shemeji tu, umekwama kwenye mawe mbali na pale, mtupu, hauna kamba wala kafi.

Hapo maneno yakaanza. Wakati ule wa kodi ya kichwa, wanaume walikuwa wakitoweka usiku na kwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Mwanamume akitaka kutoroka, walisema, huuza nyavu zake kimya kimya, kisha huusukuma mtumbwi ziwani ili wenzake wamlilie. Wapo waliofanya hivyo kweli. Nyavu za shemeji hazikuonekana popote, kwa hiyo wakasema alikwisha kuziuza.

Baba yake shemeji alikataa msiba. "Siwezi kumlilia mtu anayekula ugali Geita," alisema.

Dada akawa hana jina, maana si mke wala si mjane. Kisimani walimuuliza, "Mume wa dhahabu hajambo?" Alijaza mtungi wake, akaondoka. Nyumbani aliniambia, "Amekufa. Mimi najua. Wewe ulikuwa juu ya mwamba. Picha hiyo imemshika."

Nilimwambia sidhani. Akaniambia niende Shinyanga ikasafishwe.

Nikavuka kwa mashua hadi Mwanza, nikapanda treni mpaka Shinyanga. Mhindi alisafisha filamu, akaitundika, akaitazama kwenye mwanga.

"Wewe kijana, nyasi, nyasi, nyasi! Hakuna hata bibi mmoja?"

Nilipomweleza, aliishusha filamu. Aliikuza ile moja mpaka ikawa kubwa kama ukurasa wa daftari, na aliniaga mlangoni kwa mkono.

Niliporudi Nkome tulikwenda nyumbani kwa mzee, baba yake shemeji. Dada hakuweza kusema naye uso kwa uso, kwa kuwa kwetu mkwe haangaliwi. Alikaa nje, nyuma ya ukuta, na mimi ndiye niliyepaswa kusema. Kabla sijaingia alikuwa ameishika picha na kunionyesha doa jeusi kati ya mafunjo. "Huyu hapa. Mwambie."

Mzee aliishika juu chini. Nikamgeuzia.

"Ng'wanawane," aliniita, yaani mwanangu, "yuko wapi?"

Nikaonyesha lile doa, kisha nikashindwa. "Dada anasema huyu, baba. Mimi naona ni kivuli."

"Na hii?"

Kidole chake kilikuwa mahali pengine, ukingoni, kwenye nukta nyeupe chini ya wingu. Sikuwahi kuitilia maanani. Ulikuwa mti umesimama majini, na kileleni kitu kinang'aa.

"Kopo," mzee alisema. "Nilimtobolea mimi mwenyewe kopo hilo, aweke juu ya mti wa nyavu, ajue zake." Kila mvuvi anajua kwamba anayetoa nyavu hung'oa na miti yake. "Mti umesimama, basi nyavu zimo ndani ya maji. Hakuuza kitu. Alikuwa kazini."

Akatoka nje, akaagiza moto wa msiba uwashwe.

Niliposimama dada alikuwa tayari mlangoni, amesahau hata kumkwepa mkwe wake. Nilidhani atashukuru. Alininyang'anya picha, akaisogeza karibu na macho.

"Labda aling'oa baadaye," alisema. "Labda hilo si kopo."

Wanawake walikuwa wameanza kulia uani. Wengine walikuja na maji na wembe wa kumnyoa kama mjane, wakamkalisha chini, wakamvua kitambaa na kumlowesha nywele.

"Ngojeni," aliwaambia. "Ngojeni kwanza, aangalie tena."

Alinirudishia picha. Nikaangalia tena. Niliangalia kwa muda mrefu, wembe ukiwa umesimama juu ya kichwa chake, na wote wananitazama mimi.

"Ni kopo, dada," nikasema.