Filta ya Oili na Mama Mkwe

Harufu ya oili chafu ikinijia gereji hapa Bariadi, namkumbuka baba siku ile nyumbani, ameinamia injini ya pikapu yetu kuukuu, mkono umezama hadi begani. Filta ilikuwa imefichwa nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki. Alikuwa ameifungua kwa kupapasa, lakini sasa mkono ulikuwa hautoki.

Ndipo bibi mzaa mama akatokea njiani, ndoo ya maziwa kichwani. Kwetu ni aibu kubwa mwanamume kukutana uso kwa uso na mama mkwe wake. Humpisha, hata kwa kukimbia. Baba alivuta mkono mpaka pikapu ikatikisika.

"Mwangaluka," bibi alisalimu, akajifunika kanga usoni na kuwageukia mbuzi waliofungwa uani. "Mwanangu, mume wako amekwama?" alimwuliza mama, aliyesimama mlangoni.

"Anauliza kama umekwama," mama alimwambia baba, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwa bibi.

"Mwambie hapana."

"Mwulize ameshika nini."

"Filta," baba alisema kabla mama hajafungua mdomo.

"Mwambie aiachie."

Baba akafumbua vidole. Kisha filta ikadondoka chini ya gari, na mkono mtupu ukatoka, mweusi mpaka kwenye kiwiko. Alikimbia ameinama, akapotelea kwenye shamba la pamba.

Baada ya muda sauti yake ikatoka huko shambani, ya upole sana: "Mama watoto, hebu mwulize mgeni kama atakaa sana."

Bibi alikuwa ameshavua viatu.