Taji la Thirza

Keziah Sturmey alijua kutengeneza taji la bikira kuliko mwanamke yeyote wa kijiji cha Combe Averill, na hakuna aliyemzidi kulijua hilo. Alikata fito laini kichakani, akazikunja mviringo, akazifunika kwa maua ya waridi ya karatasi nyeupe, kisha akaning'iniza glavu tano, nazo za karatasi. Taji lilitangulia jeneza la msichana aliyekufa kabla ya kuolewa. Baada ya maziko lilitundikwa chini ya roshani ya kanisa, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite chini yake, likakaa hapo Jumapili tatu. Glavu zile ndizo zilizokuwa na kazi. Mwenye neno juu ya usafi wa marehemu alitakiwa asimame, aing'oe moja, aseme mbele ya watu wote. Asipotokea mtu, Jumapili ya tatu taji lilipandishwa ukutani na jina la msichana likaandikwa kwenye kibao chini yake, likae hapo mpaka karatasi ioze yenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita Keziah alitengeneza mataji yote ya kijiji. Moja tu halikupanda. Lilikuwa la Annis Pottle, na aliyeng'oa glavu alikuwa Keziah mwenyewe.

Hakuna aliyemtuma. Alimwona Annis mara moja nyuma ya ghala la shayiri, amekaa na mkata nyasi, wanacheka, basi. Hilo lilimtosha. Kasisi Wragge alilichoma taji uani mwa kanisa, na Dorcas, mama yake Annis, akasimama akitazama mpaka likawa majivu. Hakupiga kelele wala hakulia. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi lake la siku zote, nyuma ya Keziah, na kwa miaka tisa Keziah alizisikia pumzi zake kisogoni. Hakujuta hata kidogo. Wanawake wakikutana kisimani aliwaambia kwamba bila yeye ukuta ule ungejaa uongo.

Mwanawe wa pekee, Thirza, alikuwa mtumishi wa vyumba vya juu katika jumba la akina Harcastle. Jumba lilipakana na kanisa, na ukoo ulikuwa na mlango wao wa kuingilia, na kizimba chao cha kukalia ibadani, chenye pazia na meko. Humo Sir Everard, mkuu wa ukoo, aliota moto wakati wenzake katika Kristo wakitetemeka. Mahubiri yakimchosha aligonga meko kwa chuma cha kuchochea moto, na kasisi akasema Amina hata kama Musa bado yuko katikati ya bahari. Mababu zao walilala kando ya madhabahu, wamechongwa kwa mawe, mbwa miguuni. Kila Pasaka Keziah aliwaosha nyuso kwa sabuni, na nadhani ilifika mahali akajiona jamaa yao.

Mwezi wa pili Thirza alirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, ikasemwa ana homa. Homa hiyo ilikuwa na miezi tisa, imefichwa kwa kubana kiuno. Mkunga wa kijiji alikuwa mmoja tu, naye ni Dorcas Pottle. Keziah alimwita kwa aibu. Dorcas alikuja, akakunja mikono ya gauni, akafanya kazi usiku na asubuhi bila kusema neno lisilo la kazi. Mtoto alitoka mzima, wa kike, kichwa chekundu kama vichwa vyote vya akina Harcastle. Thirza alimtaja Bwana Lionel, kijana wa akina Harcastle, mara moja tu, tena bila hasira. Kisha aliomba mtoto aitwe Annis, kwa sababu Annis ndiye aliyekuwa akimsuka nywele utotoni. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Kesho yake Lady Harcastle alifika mwenyewe, akainama kupita mlango mfupi, akakataa kiti. Aliweka mezani bunda la karatasi nyeupe, nzito, zake za kuandikia barua, zenye nembo ya ukoo pembeni. Alieleza mambo kwa sauti ya mtu anayeagiza chakula cha jioni. Lionel anaoa mwezi wa sita. Baba wa bibi harusi ni mtu wa dini, na minong'ono imemfikia. Msichana akizikwa na taji, minong'ono itakufa. Mtoto atapelekwa Marlpit, maili kumi na mbili, kwa mwanamke anayelea watoto wa namna hiyo.

"Nasikia huko Marlpit watoto hawakui, Bibi Mkubwa," Keziah alisema.

"Wengine hukua." Lady Harcastle alikuwa anavaa glavu zake. "Chagua, Keziah. Taji au mtoto. Vyote viwili havikai nyumba moja."

Alipoondoka, Dorcas alitoka chumba cha ndani na mtoto mikononi. "Nipe mimi," alisema. "Nitasema nimemwokota njiani. Sitakudai hata shukrani."

"Na nywele hizo?" Keziah aliuliza. "Nani hatajua?"

"Wajue. Atakuwa hai."

Keziah alimtazama mtoto, kisha akazitazama karatasi. Aliwaza wanawake wa kisimani. Hilo ndilo aliloliwaza, na sitamsingizia jingine. Jioni hiyo mkokoteni uliondoka na mtoto kwenda Marlpit, na Keziah akakaa dirishani kukata maua ya waridi. Zile glavu alizikunja kwa uangalifu, nembo ya akina Harcastle ikaingia ndani, isionekane.

Lilikuwa taji zuri kuliko yote aliyopata kutengeneza. Jumapili ya kwanza watu walipita chini yake wakainamisha vichwa. Jumapili ya pili vilevile, na Keziah akaanza kupata usingizi. Alimwogopa mtu mmoja tu katika kanisa lile, na mtu huyo alikuwa nyuma yake, akipumua.

Jumapili ya tatu Dorcas alichelewa. Aliingia na tope mpaka magotini, hakukaa. Kasisi aliuliza kama desturi inavyotaka: yupo mwenye neno juu ya Thirza Sturmey? Dorcas alitembea mpaka chini ya taji, akanyoosha mkono, akashika glavu moja kwa vidole viwili. Keziah alikamata ukingo wa benchi.

Ndani ya kizimba, chuma kiligonga meko. Mara moja, mara mbili.

Dorcas aligeuka, akamtazama Keziah. Kisha akaiachia glavu. "Sina neno," alisema. "Lipandisheni."

Likapandishwa. Keziah alilia kwa furaha mbele ya watu, na watu wakadhani ni uchungu wa mama. Nje, kati ya makaburi, alimkimbilia Dorcas, akamshika mikono, akamwambia Mungu atamlipa.

Dorcas alijitoa mikononi mwake. "Nimetoka Marlpit, kwa miguu. Mtoto alikufa Alhamisi. Wamemtia shimo moja na wengine, hawana hata kijiti cha kuonyesha ni wapi."

Keziah aligeuka kuutazama mlango wa kanisa.

"Nilikuja kuing'oa ile glavu," Dorcas aliendelea. "Nimeishika kabisa. Halafu nikakuona unavyoliangalia. La Annis wangu liliungua siku moja, likaisha. La kwako liache likae. Utaliona kila Jumapili mpaka ufe, na kila atakayelitazama atasema Lionel ni msafi. Wewe ndiye uliyemwosha."

Mwezi wa sita kengele zililia, na Bwana Lionel akaoa. Siku ya pili bibi harusi, binti mpole wa miaka kumi na tisa, aliingia kulitazama kanisa, akamkuta Keziah juu ya ngazi akifuta vumbi kwenye mataji, kwa amri ya Lady Harcastle. Kwenye taji la mwisho, la Thirza, glavu moja ilikuwa imefunguka kwa unyevu, na nembo ikawa nje. Keziah aliikunja tena upesi. Bibi harusi alisoma kibao, akasema kwa huruma ya kweli kwamba ameambiwa Thirza, mwana wa Keziah, alitumika jumbani, na kwamba ni faraja kubwa kumwona amewekwa hapo. Dorcas alikuwa benchini kwake, akishona.

"Una wajukuu wa kukuliwaza, mama?" bibi harusi aliuliza.

"Sina, bibi," Keziah alisema kutoka juu. "Thirza alikuwa mwanangu pekee. Naye alikufa bikira."