Hodi ya Nne

Nimekana kwa miezi, mbele ya mwanangu, mbele ya kwaya nzima, hata mbele ya kioo, lakini leo na niseme tu: ni mimi niliyesema "karibu" katikati ya kanisa, kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake, wakati watu wametulia kusikiliza wimbo mtakatifu.

Kwaya yetu ni ya wanawake watupu, na tunaimba nyimbo za Ulaya ya kale, za enzi za watawa na mishumaa (mimi nilipokelewa kwa sababu nilimwambia kiongozi wetu, Helen, kwamba chuo kikuu nilisoma Kilatini, nilisoma muhula mmoja, nikafeli). Krismasi iliyopita tulipewa wimbo wa kufuatana, yaani kundi la kwanza linaanza, la pili linaingia na maneno yaleyale kabla la kwanza halijamaliza, kisha la tatu, na neno la kuanzia ni hodie, ambalo kwa Kilatini ni "leo", lakini kwa sikio lililolelewa Morogoro ni mtu yuko mlangoni. Kila mazoezi nilibana kicheko. Hodie, hodie, hodie: hodi tatu kamili. Na kwetu ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unageuka unakwenda zako, ndiyo adabu.

Siku yenyewe viatu vipya vilinibana, nikaona heri nisimame mwisho wa mstari, karibu na mlango mdogo uliozibwa kwa matofali tangu zamani, mahali ambapo hakuna atakayeniona nikivivua. Uamuzi wenyewe ndio huo tu, viatu. Makundi yakaingia moja baada ya jingine (mimi nikiwa wa la tatu), sauti zikapanda hadi darini, Helen akainua mkono tupumue, kimya kikatua, na katika kimya kile nikasikia ya nne. Nyuma yangu. Ya chini, ya polepole, kama ya mtu aliyetoka mbali: hodie.

Mdomo ulijibu kabla yangu. Nikasema "karibu", na ubaya zaidi nikasogea pembeni kama anayempisha mgeni, nikamkanyaga jirani yangu, jirani akajishikiza kwenye kinara, kinara kikaanguka, mishumaa ya upande wetu wote ikazimika, na mzee mmoja wa viti vya mbele akapiga makofi akidhani ndivyo wimbo unavyoisha. Nikabaki peku gizani, kitu cha baridi kikinipita begani. (Upepo, nilijiambia. Upepo gani unaotoka kwenye matofali?)

Mwanangu Neema alikuwa amekaa mbele, akirekodi kwa simu. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Ilford aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake (Kiswahili anakisikia, kukijibu ndiyo kazi), kama ni mimi niliyesema vile, nikamwambia ni mtu wa nyuma. Alinitazama vituo viwili vizima. Sote tulikuwa tunamfikiria mama yangu, ambaye alianza hivihivi, akiwa na umri huu wangu: kuinuka jikoni kuitikia hodi za watu wasiokuwepo, hadi mwisho akawa anatukaribisha sisi wanawe kama wageni. Ndiyo maana nilikana. Aibu ya kanisani ningeimeza, lakini kukubali ile karibu ni kukubali kwamba nilisikia hodi.

Neema hakubishana. Alinitafutia miadi kwa daktari wa kumbukumbu, nami nikaanza kujichungulia kama mwizi: chumvi nimetia? Jiko nimezima? Na hadi leo mtu akibisha mlango wangu simkaribishi, nauliza kwanza "nani?", hata yule mleta vifurushi, maskini, ambaye hajui nataka nini kwake.

Jana, siku ya kuamkia miadi, Neema akapiga simu kutoka chuoni. Alikuwa ameitafuta ile rekodi ili tumsikilizishe daktari, akaisikiliza mwenyewe kwanza, akairudia. Akaongea Kiswahili, jambo lililonifanya nikae chini.

"Mama, hodi ziko nne. Ya nne ni ya mwanamume."

Sikuogopa, Mungu anisamehe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia aghairi daktari, mama yake ni mzima, ni kanisa tu lina mtu.



"Sawa," akasema. "Na mgeni mwenyewe sasa yuko wapi, Mama? Maana ulimwambia karibu."