Nyaya za Chokocho na Siku Niliyochelewa

Nilikwenda Pemba kwa sababu mbili, na mkuu wangu wa kazi alijua moja tu. Aliyoijua ni kwamba kituo kimoja cha afya jirani na Chokocho kimekatika mtandao, na nyaya zile nilizitandaza mimi, miaka minne nyuma. Asiyoijua ni kwamba mke wangu, Riziki, alikuwa kwao hukohuko Chokocho, katika siku za mwisho za eda ya talaka yangu.

Nilimwacha kwa simu. Talaka moja, nikiwa juu ya ngazi Kariakoo na koleo mkononi, kwa sababu aliniuliza kwa mara ya tatu wiki ile nitakuja lini. Hasira ilikwisha kabla sijashuka ngazi. Kumrejea mke ndani ya eda ni jambo jepesi: hakuna posa wala mahari mpya, mume hutamka tu kwamba amemrejea. Nilitaka kutamka jioni ileile, lakini baba yake, Mzee Faki, akanikatisha. "Umemwacha kwa simu. Kumrejea, uje kwa miguu yako." Nikasema nitakuja wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miwili na nusu, maana kila nilipofunga mkoba iliingia kazi nyingine, na mimi kazi sijui kuikataa. Mkuu alipotaja Chokocho nilinyanyua mkono kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu nilivuka bahari mpaka Unguja, nikalala huko. Jumanne alfajiri nikapanda boti ya Mkoani, boksi la waya nimelipakata kama mtoto, kwa kuwa mabaharia wa boti hurusha mizigo bila huruma na waya ukikunjika ndani huujui mpaka umeshautandaza. Abiria walilala. Mimi nilimtamani Riziki mpaka nikaona haya, mtu mzima na ndevu zangu. Nilitamani namna anavyojikuna kichwa kwa mpini wa mwiko akifikiri, na anavyonijibu kutoka jikoni swali nililomuuliza saa nzima iliyopita. Miaka sita ya ndoa, na ukijumlisha siku nilizokaa naye hazifiki miaka miwili. Nilikuwa mume wa likizo.

Adhuhuri, Mkoani. Nilichukua bodaboda tukashika njia ya Michenzani. Ilikuwa msimu, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kila penye uwazi, harufu yake inakuingia mpaka kooni. Dereva akageuza shingo.

"Kaka, weye wenda harusini?"

"Naenda kazini."

"Mbona wanihimiza hivi? Mie nkadhani bwana harusi."

Nilicheka peke yangu mpaka Chokocho.

Kituoni nilipokewa na Bi Time, msafishaji, mama wa makamo anayekijua kila chumba kuliko daktari mwenyewe. Tangu mtandao ukatike, wauguzi walikuwa wakibeba majibu ya maabara kwa mkono, wanakatiza ua kwenye mvua na karatasi kifuani. Siku moja kabla, majibu ya mama mjamzito yalilowa, akatolewa damu mara ya pili. Nilijisikia vibaya, nikauliza kabati la swichi liko wapi kana kwamba sikulifunga mimi.

Nilipolifungua, sisimizi wakanipanda mikono. Walikuwa ndani ya swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, kwenye yale matundu ishirini na manne ya kuchomekea nyaya. Nikachomoa waya mmoja. Kile kichwa cha plastiki cha mwishoni, chenye meno manane madogo ya shaba, kiling'aa na kuteleza vidoleni. Nikakinusa. Mafuta ya nazi.

"Bi Time, nani kapaka mafuta humu?"

"Mie, mwanangu. Kila Alkhamisi, nkimaliza makufuli na bawaba." Alisema kwa fahari kabisa. "Si weye ulonambia hivi vyaogopa kutu? Ukasema utakuja mwezi wa pili kutizama. Hukuja. Nkafanya nnavyojuwa."

Pwani ile chuma chote kinapakwa mafuta ya nazi, kitasa, cherehani, panga, au chumvi ya hewa inakila. Mama huyu alitunza kazi yangu kwa miaka minne kwa njia anayotunzia kila kitu cha thamani. Mafuta yalivuta vumbi, vumbi na utamu vikavuta sisimizi, na kosa lilikuwa langu, si lake wala la sisimizi. Nilimwambia hivyo. Akanifuta sisimizi mkononi.

"Riziki kajuwa kuwa umekuja," akasema. "Nenda kwao kwanza. Vidude hivi vikae, havina roho."

"Kesho, Bi Time. Nikimaliza."

"Haya. Weye ndo fundi."

Niseme ukweli: niliogopa. Nyumba ya Mzee Faki ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na mimi nilijiambia kwamba wagonjwa wanangoja, kwamba nikamilishe kazi niende kifua mbele, kama mtu aliyetengeneza kitu. Nikaingia kazini. Swichi nilibadilisha. Kila waya nilikata shubiri moja ya mwisho, nikamenya ganda, nikazinyoosha nyuzi nane na kuzipanga rangi kwa mpango uleule huku na huku: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, na kuendelea. Nikazitia kwenye kichwa kipya, nikabana kwa koleo mpaka lilie. Waya wa maabara ulikuwa umeoza ndani, nikautandaza mpya juu ya dari. Mikono yangu inaijua kazi hii kiasi kwamba kichwa hubaki huru, na kichwa changu kilikuwa barazani kwa Mzee Faki jioni nzima. Mwili tu ndio haukwenda.

Jumatano, baada ya swala ya alasiri, taa zote za swichi ziliwaka kijani. Majibu yakatoka maabara yakaonekana kwa daktari palepale, na muuguzi mmoja akapiga kigelegele. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda.

Mzee Faki alinipokea kwa salamu kamili, akanikalisha barazani. Hakuniingiza ndani. Kabla sijaanza maneno niliyoyapanga, akaita, "Riziki, njoo ujibu mwenyewe."

Sauti ya Riziki ikaitika nyuma ya pazia la mlango. Miezi miwili na nusu sijaisikia. Nilisahau kanzu, nilisahau kila kitu.

"Riziki, nimekuja. Nimeku—"

"Usiseme," akanikata, bila ukali. "Eda imekwisha leo asubuhi. Mie si nkeo tena."

Nikahesabu vidoleni kama mjinga. Eda huhesabiwa kwa hedhi, na siku hizo anazijua mwanamke mwenyewe, na sikuwa na haki ya kumbishia.

"Leo asubuhi? Na ningekuja jana?"

Nilisikia mama yake akikohoa uani.

"Jana nlipika kwa watu wanne," akasema. "Twakaa watatu humu."

Nikalia mbele ya baba yake. Mzee Faki akatazama pembeni kwa adabu. Baadaye Riziki akasema tena, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Ukitaka, tuma watu walete posa kama wengine waletavyo. Mie ntajibu nnavyoona. Huenda nkakataa."

Alhamisi asubuhi nilimwachia Bi Time brashi kavu, nikamwonyesha namna ya kufuta vumbi bila kugusa meno ya shaba. Akauliza nitarudi lini. Ulimi ulitaka kusema mwezi ujao, nikauzuia. Nilichojifunza Chokocho ni hicho tu: watu huichukua ahadi yako wakaifanyia kazi, mmoja akapaka mafuta, mwingine akapika, na wewe uko juu ya ngazi mji mwingine ukidhani muda umesimama kukungoja.

Kwenye boti, kabla Mkoani haijapotea, nilimpigia ami yangu, ndiye aliyebaki mkubwa kwetu.

"Ami, nakuomba uniposee mke."

Akafurahi. "Alhamdulillahi! Binti wa nani?"

"Wa Mzee Faki, wa Chokocho. Riziki."

Akadhani amesikia vibaya.

"Riziki? Si mkeo huyo?"

"Alikuwa, ami. Mpaka jana asubuhi."