Sinema Mbili za Bibi

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilikuwa ofisini hapa Dodoma mjini, mchana ule wa joto ambao feni inazungusha vumbi tu. Binti mmoja aliyekuja kwetu kujifunza kazi akawa anacheka na simu yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anasoma maoni ya watu kuhusu sinema moja ya zamani ya Kijapani, mambo ya sayansi na watu wa chuma, na humo watu wanagombana kama wagombea udiwani. Mmoja kaandika kwamba hajawahi kuona picha nzuri namna ile tangu azaliwe. Mwingine kamjibu kwamba picha ni nzuri lakini hadithi hakuna, yeye alisinzia katikati. Wa tatu kawaambia wote wawili hawana akili.

"Hebu ona, dada," akasema, akanigeuzia kioo.

Nikaona mnara wa kioo, anga jekundu kama udongo wa kichuguu, na matone ya mvua yakitoka ardhini kwenda juu. Nikamrudishia simu yake. Nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka nilipoweza kurudi mezani.

Sinema ile niliiona kijijini Haneti, nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa naishi na bibi, mama yake mama, kwa sababu mama alikuwa akifanya kibarua mjini. Bibi alikuwa na ugonjwa wa macho, vikope, kama wazee wengi wa kwetu enzi hizo. Kope zake ziligeukia ndani na kila alipopepesa zilimkwaruza jicho. Kazi yangu ya Jumamosi asubuhi ilikuwa kumng'oa kope hizo. Alikaa juani kwenye kigoda, akaniwekea kichwa mapajani, nami nikazing'oa kwa kibano, moja moja, huku sufuria ya mlenda ikichemka jikoni na kuku wakipekua makapi ya uwele pembeni yetu. Hakulia hata siku moja. Alivuta pumzi tu kwa nguvu na kuuliza, "Imebaki ngapi?" Kufikia mwaka ule alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi.

Mwenye mashine ya kusaga ndiye aliyekuwa na televisheni na deki. Jumapili baada ya ibada aliwasha jenereta, tukajipanga kwenye mabenchi ndani ya banda lake lililonuka unga na mafuta ya dizeli. Tulizoea mikanda ya kupigana. Siku hiyo mwalimu wetu wa darasa la tano akaja na sinema aliyoitoa Dodoma, akasema leo mtaona kitu cha Wajapani. Maneno yalikuwa ya Kijapani, maandishi ya chini ya Kiingereza, na mwalimu akatusomea mpaka sauti ikamkauka. Kwa kifupi, mvua ya dunia nzima imefungiwa ndani ya mnara wa kioo, watu wa chuma wanaulinda, na steringi, yaani shujaa wa sinema, kijana mwenye mkono mmoja wa chuma, anataka kuifungulia. Mwishoni anauvunja mnara, lakini mvua badala ya kushuka inapanda, na yeye anapanda nayo.

Tulitoka pale. Kisha kelele zikaanza.

Bibi alikuwa uani anapepeta uwele kwa mazoea ya mikono. Kila aliyepita njiani alimsimamisha. Jirani yetu, mama mwenye watoto saba, akamwambia, "Shikamoo bibi. Usiulize, ni mapicha tu. Mvua ya kupanda juu utalimia nini?" Mwenye mashine alikuwa amekasirika kabisa: steringi hafi, kila mtu anajua steringi hafi, hao Wajapani wametudanganya. Mwalimu akakaa kwenye gogo akaeleza kwamba sinema hiyo inahusu watu wanaojilimbikizia vitu vya wote. Bibi akamsikiliza kwa heshima, akamshukuru. Alipoondoka akanigeukia mimi.

"Hao wameniambia walichofikiri. Wewe niambie ulichoona."

Nikamwambia. Lugha yetu ya Kigogo haikuwa na maneno ya vitu vile, nikawa natafuta njia za kuzunguka. Taa zilizoning'inia hewani nikasema ni vimulimuli wakubwa kama madebe. Akauliza ule wekundu wa anga ni wekundu gani, wa damu au wa pilipili. Akauliza matone yakipanda yanatoa sauti gani. Nikamjibu mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo sijakisikia kwa mtazamaji yeyote.

"Hao watu wamekaa bila mvua miaka yote hiyo. Ilivyofunguliwa, mbona hakuna aliyetoka na ndoo?"

Wiki chache baadaye tukasikia wataalamu wa macho wanakuja kituo cha afya, watapasua vikope bure. Nyumbani tukafurahi kama tunaandaa harusi. Mimi ndiye niliyemwambia bibi, nikiwa nimemshika mkono, kwamba akishapona tutakaa benchi la mbele na ataiona mvua ile mwenyewe. Nilimwahidi. Akacheka, akasema basi yeye atapeleka ndoo.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimfanyia kazi yake vizuri, na siku ya kufungua bandeji akamulika, akamulika tena, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, kope hazitakukwaruza tena. Maumivu yamekwisha. Ila kioo cha jicho kilishaharibika siku nyingi. Kuona hakutarudi."

"Nimesikia, baba," bibi akasema. "Ahsante kwa maumivu."

Njiani nilikuwa nalia, nimegeuzia uso porini, kana kwamba angeona. Yeye alitembea mkono wake begani kwangu, hatua zake zile zile. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, hakuvua kitenge chake cha kanisani. Akasimama mlangoni akasema, "Twende kwenye mvua yako."

Mwalimu alikuwa ameileta tena sinema ile, na mwenye mashine akatupisha benchi la mbele. Nikaanza kumnong'oneza. Watu wakanifokea ninyamaze, wakanifokea tena, kisha wakaacha. Kumbe walikuwa wananisikiliza. Nilipomwambia bibi mlinzi wa chuma amekasirika, jirani yetu akasema kutoka nyuma, "Hajakasirika huyo, anaogopa. Muangalie mabega." Mwenye mashine akasema mabega ya chuma hayaogopi. Mwalimu akasema yanaogopa. Banda zima likawa linamsimulia bibi, kila mtu na lake, na yeye katikati anageuza kichwa huku na huku, akicheka kwa sauti. Sijawahi kukaa tena kwenye sinema ya namna hiyo. Naamini hata wenyewe walioitengeneza hawakuwahi kuwa na watazamaji kama sisi.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu.

Miaka minne baadaye nilikuwa kidato cha pili, nasoma bweni Kondoa. Nikarudi likizo na rafiki zangu wawili wa shule. Sinema nyingine ya Kijapani ikaja bandani, mpya, na kijiji kizima kikawa kinaisema. Bibi akatoka na kitenge chake, akauliza tunaondoka saa ngapi. Rafiki zangu wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo. Mimi nikaona haya, rafiki yangu, haya ya kitoto ambayo inachoma kuliko moto.

"Bibi," nikasema, "wewe huoni. Unakwenda kufanya nini kule?"

Akashika fremu ya mlango, akarudi ndani. Tulipotoka nilimsikia anakunja kitenge. Niliporudi jioni alikuwa amepika ugali, ametuwekea na maziwa ya mgando, akatuuliza kama tumeshiba. Kuhusu sinema hakuniuliza. Hakuniuliza tena kamwe. Nami nilijiambia nitaomba radhi likizo ijayo, kwa utulivu, tukiwa wawili. Likizo ijayo ilipofika alikuwa ameshazikwa wiki tatu. Hawakuniita kwa sababu ya mitihani.

Nilifika nyumbani watu wakiwa bado wanakuja kutoa pole. Siku ya pili akaja mwanamke mzee kutoka upande wa pili wa korongo, simfahamu, amejifunga kaniki. Nikamwamkia. Akaninyooshea mkono, akanishika uso.

"Wewe ndiye mjukuu wa zile sinema?"

Nikasema ndiyo.

"Alitusimulia zote mbili. Ile ya mvua, na hii nyingine. Hii nyingine ndiyo tuliipenda zaidi. Tulikuwa tunapura uwele naye, tunamwambia rudia tena, anarudia."

Nikauliza ipi hiyo nyingine.

"Ile ya shamba," akasema, akashangaa kuulizwa. "Macho yanaota kama masuke. Kila mtu anakwenda na kisu na kikapu, anachagua yaliyokomaa. Halafu anakuja yule mwanamke wa chuma, amechelewa, anakuta shamba limeshavunwa. Bibi yako alikuwa anasema, mjukuu wangu ameiona yote, ndiye aliyenisimulia."

Sinema niliyoitazama mimi siku ile ilikuwa ya meli za angani. Haikuwa na shamba wala macho wala mwanamke aliyechelewa.

"Sasa mwisho wake hakutwambia," mama yule akaendelea. "Kila tukimuuliza anasema mwisho anao mjukuu, atakuja nao likizo. Ilikuwaje? Alipata macho?"

Wanawake wengine wakaacha kuosha vyombo wakanigeukia. Nilisimama pale na sare yangu ya shule.

"Nimesahau," nikasema.

Akaniangalia kwa huruma, akanipapasa shavu, akaenda kukaa na wenzake.

Mama yule naye amekwisha kufa, na wale waliopura uwele pamoja nao, sijui amebaki nani. Ile sinema ya mvua binti wa ofisini anaipata kwenye simu saa yoyote anayotaka, na watu wa dunia nzima wanaendelea kuibishania. Hii nyingine ninayo mimi peke yangu, kipande kile kile alichonipa yule mzee: shamba limevunwa, na mwanamke amesimama kwenye mabua, kikapu kitupu mkononi. Nimejaribu mara nyingi kumtafutia mwisho. Sijaupata.